Kesi Isiyofika Mezani: Mhadhara kwa Wanaoanza Mafunzo ya Usimamizi wa Kitaaluma

Wanataaluma wenzangu, asanteni kwa kuja. Nawaona humu wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, washauri nasaha na wanasaikolojia, na kila mmoja wenu ameshakaa na watu wenye shida kwa miaka mingi. Ndiyo maana mmepewa jukumu hili. Katika fani zetu, anayefanya kazi vizuri hukabidhiwa wadogo zake kazini awasimamie, yaani akae nao mara kwa mara wajadili kesi zao, habari za wateja wanaowahudumia, tena mara nyingi anakabidhiwa leo na kuanza kesho. Nami nilikabidhiwa hivyohivyo. Nataka kuwaeleza kilichotokea, maana sipendi kimtokee yeyote kati yenu.

Msimamiwa wangu wa kwanza alikuwa mshauri nasaha aliyetoka kumaliza masomo. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Alikuja na daftari la jalada gumu, akaketi, akaanza kunieleza habari za mteja aliyefiwa na mwenzi wake. Hajafika sentensi ya tatu, mimi tayari najua la kufanya. Nikamweleza namna huzuni ya msiba inavyopanda na kushuka, nikamweleza ningeuliza nini na wapi ningenyamaza. Nilizungumza karibu dakika 40. Yeye aliandika kurasa tatu, akanishukuru, akaenda zake. Wiki ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Katika wiki ya tano nilikuwa napitia orodha ya miadi kwa sababu nyingine kabisa, nikaona kwamba mteja yule aliacha kuja tangu kabla ya kikao chetu cha pili. Wiki zote zile msimamiwa wangu alikuwa akinisimulia vikao vya zamani kana kwamba ni vya juzi.

Nilipomwuliza hakujitetea. Alisema, "Kila nilipotaka kukuambia, ulikuwa unanifundisha."

Msimhukumu. Mwaka 1996 Nicholas Ladany na wenzake, watafiti wa Marekani, waliwauliza zaidi ya wanafunzi 100 wa tiba ya kisaikolojia kama kuna mambo waliyowaficha wasimamizi wao. Asilimia 97 walisema yapo. Lililofichwa zaidi ya yote lilikuwa hisia mbaya walizokuwa nazo kwa msimamizi mwenyewe. Wengine walificha mambo yao binafsi, na wengine makosa waliyoyafanya wakiwa na wateja. Kwa hiyo ukimaliza kikao ukajisemea kwamba huyu wangu hunieleza kila kitu, kumbuka asilimia hiyo.

Na kwa nini asifiche? Kalamu ya tathmini unayo wewe. Unaweza kumpitisha au kumrudisha, na ripoti yako itamfuata anakotafuta kazi. Juu ya hayo, Kiswahili chetu kinatenganisha haya na aibu: haya humzuia mtu asitende, aibu humjia akishatenda. Msimamiwa huja kwako amebeba vyote viwili. Aibu ya kilichoharibika kule kwa mteja, na haya ya kukitamka mbele ya mtu anayemheshimu. Kadiri unavyoonekana mjuzi, ndivyo mzigo huo unavyozidi kuwa mzito. Ujuzi wako wa kuhudumia wateja, ule uliokufikisha hapa, ndio unaoweza kumfunga mdomo.

Hilo ndilo ninalotaka mlibebe mnapoanza mafunzo haya. Kesi nzuri itakuja yenyewe, imepangwa na kunyooshwa. Kazi ya msimamizi ni kumfanya mtu aweze kuleta ile aliyoiacha nyumbani, kwa sababu mteja anayeumia yumo katika hiyo.

Usimamizi wenyewe si jambo la jana. Katika miaka ya 1920, taasisi ya Berlin ya saikoanalisia, yaani tiba ya mazungumzo inayochimbua yaliyofichika akilini, iliyoanzia kwenye kliniki ya Max Eitingon na Karl Abraham, ilikwishaweka utaratibu wa mwanafunzi kuwatibu wagonjwa chini ya macho ya mtu mzoefu. Lakini kwa miongo mingi iliyofuata ilidhaniwa kwamba aliyewahi kusimamiwa atajua kusimamia, kama vile aliyewahi kulelewa asingehitaji kuambiwa lolote kuhusu ulezi. Mafunzo ya usimamizi kama ujuzi unaojitegemea yalishika kasi baadaye. Mwaka 1979 Janine Bernard, mwalimu wa washauri nasaha huko Marekani, alipendekeza mfano ambao mtaukuta katika kozi nyingi: msimamizi hubadili nafasi kulingana na haja ya wakati huo. Kuna wakati ni mwalimu. Kuna wakati anamsikiliza msimamiwa kama mshauri nasaha anavyosikiliza, na kuna wakati ni mtaalamu mwenza anayefikiri pamoja naye. Nilipousoma mara ya kwanza nilijiona pale pale. Nilikuwa nimeshika nafasi moja tu, ile ya ualimu, na sikujua kama kuna nyingine.

Nawaonya pia juu ya shimo la upande wa pili, maana aliyechoka kufundisha huanza kutibu. Msimamiwa akikuambia kwamba machozi ya mteja yalimkumbusha msiba wake mwenyewe, mwulize kwa kina, lakini mwulize kwa kadiri msiba huo unavyoigusa kazi yake na mteja yule. Yaliyobaki anastahili kuyapeleka kwa mtu mwingine, asiyemwandikia ripoti. Ukimgeuza msimamiwa kuwa mteja wako, umemnyang'anya msimamizi, na mteja halisi, yule ambaye hayumo chumbani, amesahauliwa na watu wawili kwa mpigo.

Sasa niwaeleze mafunzo yenyewe yalivyonibadilisha. Mwalimu wangu aliniagiza nirekodi kikao changu na msimamiwa, kwa idhini yake, kisha niilete rekodi. Alitumia njia iliyobuniwa na Norman Kagan katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kwenye miaka ya 1960: rekodi inachezwa, na mwenye kikao ndiye anayeshika kitufe. Unasimamisha popote unapokumbuka ulichokuwa ukifikiri au kuhisi, mwalimu anauliza, basi. Hakusahihishi.

Dakika ya kumi na moja nikasikia msimamiwa wangu anavuta pumzi. Ni ile pumzi ya mtu anayetaka kuanza kusema jambo. Haikufika hata sekunde mbili, na mimi nikaingia na maneno yangu juu yake. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Nilisikiliza mara nne. Pumzi ilikuwepo, tena inasikika wazi, na nilipokuwa naye chumbani sikuisikia kabisa. Mwalimu akaniuliza, "Hapo ulikuwa unaogopa nini?" Nilikaa kimya muda mrefu kabla ya kujibu. Nilikuwa naogopa ataniuliza kitu nisichokijua.

Mkitoka na hilo moja katika kozi nzima, kwamba msimamizi naye ana hofu na kwamba hofu yake hula nafasi ya mwenzake, mtakuwa mmefaidi.

Kuna jambo jingine mtakalofundishwa ambalo nalipenda lakini naomba mlishike kwa tahadhari. Mwaka 1955 daktari wa akili Harold Searles aliandika kwamba yanayopita kati ya mteja na mtaalamu wake huweza kujirudia kati ya mtaalamu na msimamizi. Nimeliona kwa macho yangu. Ofisa ustawi wa jamii ananieleza habari za familia inayotaka kila kitu leo, hivi sasa, na mimi, ambaye kwa kawaida si mtu wa haraka, najikuta natoa maagizo manne kwa mkupuo. Nikasimama nikamwambia, "Naona nakukimbiza. Hivi ndivyo unavyojisikia ukiwa nao?" Akaegemea kiti, mabega yakashuka. Hata hivyo, si kila hisia ya msimamizi imetoka kwa mteja. Pengine umechoka tu. Sema unachokiona kama swali, usikitoe kama utambuzi.

Mkataba, yaani makubaliano kati yako na msimamiwa, nitaugusia kwa ufupi, kwa kuwa una somo lake. Kikao cha kwanza kabisa, kabla ya kesi yoyote, mwambie msimamiwa ni mambo gani hutayaweka siri: hatari kwa mteja, hatari kwa mtoto, ukiukaji mkubwa wa maadili. Mwambie ripoti inakwenda kwa nani, na akiwa na malalamiko dhidi yako ayapeleke wapi. Ikiwa wewe pia ndiye bosi wake kazini, litaje waziwazi, maana usimamizi wa kitaaluma na usimamizi wa mahudhurio ni vitu viwili. Na mteja naye aambiwe kwamba habari zake hujadiliwa na msimamizi.

Swali hili huulizwa kila ninapozungumza, kwa hiyo nalijibu kabla: je, usimamizi unamsaidia mteja? Ushahidi kwamba unawasaidia wasimamiwa, katika ujuzi na katika kujiamini, ni mzuri kiasi. Ushahidi kwamba faida hiyo humfikia mteja bado ni mwembamba kuliko tunavyotaka. Hilo lisiwakatishe tamaa, ila liwafanye kila kikao muulize: mteja mwenyewe anasema anaendeleaje? Mimi sikuuliza hivyo kwa wiki nne.

Yule msimamiwa wangu wa kwanza hakuniacha, ingawa alikuwa na haki ya kuniacha. Tulianza upya. Tulikubaliana kwamba robo saa ya kwanza ni yake, na mimi sitatoa ushauri wowote ndani yake. Miezi kadhaa ilipita, tukijadili kesi zilizonyooshwa. Siku moja akaingia, akaliweka daftari mezani bila kulifungua, akasema, "Kuna mteja, nikiona jina lake kwenye orodha ya siku, natamani asije."

Maneno yalinijaa mdomoni. Nikamwuliza tu, "Tangu lini?"

Akavuta pumzi. Nikangoja.