Nalipa laki na sitini chumba na ukumbi Chicago, tulieni niwaeleze

Haya assalaam aleykum watu wangu wa Mombasa, leo nashuti nikitembea kwa hivyo mkisikia nahema msinicheke. Video ile ya mwisho niliwaambia kodi yangu ni dola 1,250 chumba na ukumbi, yaani laki moja na sitini na kitu za kwetu, lo, mlivyonishukia! Dada mmoja kaandika hiyo pesa kwa mwaka si ushanunua ploti, mwengine ati nirudi Tudor nikae kwa mama bure. Sasa ngojeni.

Mi sikuanzia hapa Rogers Park, mtaa wa huku Chicago. Mwaka wa kwanza nilikaa nje ya mji huko, kodi nafuu, jiko kubwa unaweza kupikia harusi, lakini duka la karibu ni dakika arubaini kwa miguu na barabara yenyewe haina pa kukanyaga, unapita kwa nyasi za watu. Siku moja natoka kununua maziwa, mama mmoja akasimamisha gari akashusha kioo akaniuliza kwa huruma, gari lako limekuharibikia wapi mwanangu? Wallahi nilikosa la kumjibu. Mtoto wa Kibokoni mimi, nliezoea kutumwa chumvi nikarudi sufuria haijachemka, leo kutembea tu naonekana nimepatwa na msiba. Na gari huku si mchezo, kuna bima, mafuta, pakingi, halafu theluji ikianguka ulichimbue na sepetu asubuhi kabla ya kazi. Nikapiga hesabu nikaona heri hizo pesa nimpe mwenye nyumba.

Kutafuta ndipo nilipolia. Dalali wa huku hataki chai, anataka makaratasi. Payslipu, mshahara uwe mara tatu ya kodi, na rekodi yako ya mikopo wanaiita krediti skoo. Mi maisha yangu sijakopa mtu, kwetu hiyo si sifa? Huku ni kama hujazaliwa! Nikakataliwa nyumba mbili, na kila ukituma ombi unalipa hamsini, sabini, harudishi mtu. Ya tatu mzee mwenye nyumba akakubali barua ya kazi na steitimenti za benki. Halafu hapa Chicago majengo mengi hawachukui diposti, kuna kitu chaitwa muvu-ini fii, yaani ada ya kuhamia, mi nilitoa dola 400 nikiuliza nitarudishiwa lini mzee akacheka. Hairudi. Kwa hivyo someni mkataba jamani, hata kama ni kurasa ishirini na macho yanauma.

Kitu kimoja nilifanya najisifia, niliiangalia mchana, kisha nikarudi peke yangu saa tatu usiku nikahesabu dakika kutoka steisheni mpaka mlangoni. Sita, na taa njia nzima. Nikasaini.

Sasa nyumba yenyewe. Jengo la zamani la matofali, na chini ya dirisha kuna hita ya chuma ya mvuke. Saa kumi alfajiri inaanza kang, kang, kang kama fundi wa jua kali, usiku wa kwanza niliamka nikashika mwiko! Kuizima huwezi, boila ni moja ya jengo zima. Sheria ya mji inasema kuanzia 15 Septemba mpaka 1 Juni mwenye nyumba ahakikishe mchana ndani hapashuki digrii 68 za kwao, yaani 20 za kwetu, basi huyu wetu anatupika kabisa, Januari nje barafu, mi ndani na dera, dirisha wazi, kanga naanika juu ya hita Alasiri, Magharibi zishakauka. Mamangu najua unaangalia, ile kisutu uliyonipa haijachuja bado.

Haya oneni kona hii. Duka la matunda, kinyozi, dobi, na ile juu ni treni, Laini Nyekundu, inakwenda saa ishirini na nne. Nikinyosha moja kwa moja naingia ziwa Michigan, huoni ng'ambo, utasema umesimama Mama Ngina, lakini harufu ya chumvi hakuna na hilo huniuma kila siku. Nyama ya halali na bizari napanda basi mpaka barabara ya Devon, maduka ya Wahindi na Wapakistani yamepangana kama Biashara Street. Na kupotea ngumu, namba za nyumba zote zaanzia kona ya State na Madison mjini, kila namba 800 zikipanda ni maili moja. Si yetu ile ya shuka Mwembe Tayari, uliza kwa muuza kahawa.

Aa, nishafika. Dakika nne kutoka dukani, nimehesabu. Sasa ni ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na mkono mmoja nna mfuko wa viazi. Wacha nizime nipande.