Shirazi katika Nasaba Zetu: Tunachokijua na Tulichokisikia

Waheshimiwa wazee wangu, mabibi na mabwana,

Katika koo nyingi za mwambao huu, anayeanza kuandika shajara ya ukoo wake hutajiwa Shirazi, yaani kwamba wahenga wake walitoka Shiraz, mji wa Uajemi (Iran), kabla hajatajiwa jina la babu wa babu yake. Simulizi hilo nalithamini mno, na ndiyo maana naomba tulipime kipande kwa kipande, kwa kuwa si vipande vyote vyenye ushahidi ulio sawa.

Tuanze na Kilwa. Habari za mji huo zilizoandikwa kwa Kiarabu zinasema kwamba Sultani wa Shiraz aliota panya mwenye pua ya chuma akitoboa kuta za mji, akaelewa kuwa nchi yake itaangamia, akaondoka na wanawe sita kwa majahazi saba, na jahazi la sita likafika Kilwa, ambako kisiwa kilinunuliwa kwa nguo za kukizunguka chote. Mreno João de Barros, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1552, anasimulia vingine: Ali, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa utawala wa Kilwa, alikuwa mtoto wa mjakazi wa Kihabeshi, akadharauliwa na ndugu zake, akaondoka Hormuz, kisiwa cha Ghuba ya Uajemi, na majahazi mawili tu. Masimulizi yote mawili yaliandikwa karne nyingi baada ya safari yenyewe. Kilichochimbuliwa ardhini Kilwa ni sarafu ndogo za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan. Zinathibitisha kuwa mtawala wa jina hilo alikuwepo, lakini hazisemi alizaliwa wapi.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 80, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya mwambao, ikiwemo Mtwapa, Manda na Kilwa. Ilionekana kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Kwa hiyo wazee hawakubuni Uajemi. Hata hivyo, mifupa ya Mtwapa haithibitishi kwamba babu yako wewe alishuka katika jahazi la sita, na anayeitumia hivyo anaibebesha mzigo usio wake.

Karatasi za serikali nazo zisomwe kwa tahadhari. Unguja na Pemba, kati ya hesabu ya watu ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojiita Waswahili ilishuka mno, ilhali watu walikuwa ni wale wale. Walichagua majina mengine, Shirazi likiwemo, kwa sababu jina lilikuwa na uzito wake mbele ya dola.

Basi kando ya kila jina katika shajara andika nani alilitaja, mwaka gani, na kama alimwona mhusika kwa macho yake au naye alisimuliwa. Kisha tafuta hati za wakfu, mirathi ya mahakama ya kadhi na maandishi ya makaburini. Linaloniuma zaidi ni kwamba shajara zetu nyingi hupanga wanaume watupu, baba kwa baba, wakati mifupa inatuonyesha kina mama wa Kiafrika waliozaa miji hii. Bibi zetu walio hai bado wanawakumbuka mama wa mama zao kwa majina na kwa vijiji vyao; nendeni mkawaulize hao kwanza, kabla ya kumtafuta Sultani.