Mrija wa Neva Haumsubiri Mama Afike Kliniki

Ndugu wauguzi na wakunga, kwanza tukubaliane kuhusu hesabu ya siku. Nikisema siku ya 28, nahesabu tangu mimba kutungwa. Kwenye kadi ya kliniki, inayohesabu tangu hedhi ya mwisho, hiyo ni wiki ya 6. Mama amepitisha hedhi wiki mbili tu, pengine bado anadhani imechelewa, na mrija utakaokuwa ubongo na ugwe wa mgongo umeshafungwa, au umeshindwa kufungwa.

Kazi huanza takriban siku ya 18, kiinitete kikiwa bapa, hakifiki hata milimita 2. Katikati yake hupita notokodi, kijiti laini cha seli. Notokodi huzuia protini zinazozielekeza seli zilizo juu yake kuwa ngozi, nazo zikawa bamba la neva.

Kisha bamba hujikunja. Seli za mstari wa kati hukaza nyuzi za protini iitwayo aktini upande wa juu, kila moja ikawa nyembamba juu na pana chini. Zikibanana seli nyingi za umbo hilo, bamba halina budi kubonyea na kufanya mfereji. Kingo huinuka, hukutana, hushikana. Zinashikana kwanza karibu siku ya 22, penye shingo ya baadaye, kisha mshikamano huelekea kichwani na mgongoni kwa pamoja. Tundu la mbele hufungwa karibu siku ya 25, la nyuma karibu siku ya 28.

La mbele lisipofungwa, ubongo hubaki wazi na fuvu la juu haliumbiki. Mtoto huyo haishi. La nyuma likibaki wazi, huo ndio mgongo wazi. Maji ya ubongo huvuja hapo, ubongo wa nyuma hushuka shingoni, njia ya maji huziba, maji hujaa kichwani. Ndiyo maana mgongo wazi na kichwa kikubwa huandamana.

Foliki asidi inaingia wapi? Ili kingo zikutane, seli lazima zigawanyike upesi, na DNA mpya haitengenezwi bila foleti, vitamini ambayo foliki asidi ni aina yake ya vidonge. Mwaka 1991 utafiti wa Uingereza kwa wanawake waliowahi kubeba mimba yenye kasoro hii ulionyesha kuwa miligramu 4 kwa siku zilipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72. Kwa wengine dozi ni mikrogramu 400, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Kidonge anachopewa mama mwenye mimba ya miezi minne kinafaa kwa damu yake. Mrija hakiufungi tena. Hapo unga uliorutubishwa kwa foliki asidi unatushinda sisi sote, kwa kuwa humfikia mwanamke kabla hajajijua, ingawa unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Mambo mawili ya dawa. Valproeti ya kifafa huongeza hatari, lakini mama asiiache ghafla. Daktari ambadilishie kabla ya mimba. Pili, SP (sulfadoksini-pirimethamini), dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, huanza wiki ya 13, na foliki asidi ya miligramu 5 huipunguzia nguvu. Kuanzia hapo mpeni mikrogramu 400 tu.

Ncha ya chini kabisa ya ugwe haifuati mikunjo hii. Huanza kama fundo la seli lisilo na uwazi, kisha hutoboka ndani. Kasoro zake hufunikwa na ngozi, kwa hiyo hupita bila kuonekana, na ugwe ukinaswa hapo huvutwa mtoto anavyorefuka: miguu hulegea, mkojo haushikiki. Mgeuzeni kila mtoto mchanga. Mkiona kishungi cha nywele, uvimbe laini wa mafuta au kishimo kilicho juu ya mpasuko wa makalio, msikichokoe wala kutoboa uvimbe, andikeni rufaa.