Dagaa Kwenye Chanja, Mawese Kwenye Kitambaa

Rashidi: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Leo tuko Ujiji, Kigoma, kibarazani kwa dada Zaituni, mwenzangu wa kila wiki, ambaye mnajua anatengeneza batiki. Dada, kabla ya yote, hiki kitambaa kilichoning'inia hapa. Rangi hii umeitoa wapi?

Zaituni: Kwenye sufuria, kaka'angu. Nilikuwa nakoleza dagaa kwa mawese, yakamwagika kwenye shuka jeupe ambalo kesho yake nilikuwa nilichovye. Nikalinyanyua haraka nikalifue. Sasa pale mlangoni, mwanga ukapita katikati ya doa. Pembeni chungwa iliyoiva, ndani njano ya kiini cha yai la kienyeji. Nikasimama na shuka langu. Miaka yote nakula rangi ile na sijawahi kuitazama.

Rashidi: Kwa hiyo ukachovya kwenye mawese?

Zaituni: Hapana, mafuta hayashiki kitambaa, na juani yanapauka. Ile rangi ni karotini, hiyohiyo ya kwenye karoti. Ndiyo maana mawese ukiyachoma sana jikoni yanageuka meupe. Mimi nilichanganya rangi za dukani, siku tatu nzima, bakuli la mawese liko pembeni. Nachovya kipande, nakikausha juani, nakilinganisha. Bado. Narudia.

Rashidi: Na hivi vimstari vyeupe?

Zaituni: Wale ni dagaa. Mwanzoni niliwapanga wima, safi kabisa, kitambaa kikawa kama daftari la shule! Nikaenda mwaloni Kibirizi, wanakoshusha samaki, alfajiri. Mama mmoja akamwaga ndoo juu ya chanja, akawatawanya kwa kiganja, hivi, kama anapapasa mgongo wa mtoto. Huyu kaelekea ziwani, huyu mlimani, huyu kajikunja. Ukirudi nyuma hatua kumi unaona mawimbi. Basi nikakata godoro vipande vitatu, kila dagaa na mkunjo wake, nachovya kwenye nta ya moto, ile inayozuia rangi isiingie, nagonga kitambaani nikifuata mkono wa yule mama.

Rashidi: Nikuulize kwa dhati, dada. Kuna mtu atavaa dagaa harusini?

Zaituni: Mbona tumevaa vitenge vya feni na vya funguo? Feni si ya kwetu. Dagaa ndiye aliyetusomesha.

Rashidi: Hapo umenimaliza. Basi na mimi nikuletee kitu. Juzi nilipiga mbizi karibu na mawe, maji meupe, nikaona kwenye mchanga kama sinia. Duara kamili. Kumbe fundi ni samaki! Dume anabeba mchanga kwa mdomo, funda moja baada ya jingine, anaujenga ili jike avutiwe. Jike anataga pale, kisha anayachukua mayai mdomoni anayalea humo. Ukoo wao una aina zaidi ya 200 humu Tanganyika, na nyingi haziko ziwa jingine lolote duniani.

Zaituni: Subiri, subiri. Ukingo wake ukoje?

Rashidi: Umeinuka. Katikati pamebonyea.

Zaituni: Umeinuka kama wa bakuli au umelala kama wa ungo?

Rashidi: Wa ungo. Na juu yake mchanga ni laini kuliko wa pembeni, kama umechekechwa.

Zaituni: Kwa hiyo vivuli viwili, cha ndani na cha nje. Hiyo naiweza kwa nta, nikichovya mara mbili. Lazima nikaione mwenyewe.

Rashidi: Twende kesho?

Zaituni: Kesho twende. Tena sasa ni mbalamwezi, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi mingi imepumzika. Kaka yangu ana nafasi ya kutupeleka. Wewe njoo na kioo chako cha kuzamia, mimi nitakuja na penseli na migebuka ya kuchoma.