Siku 90 za Mwananchi

Ahsante mwenyekiti. Wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, vijana mliosimama huko nyuma hadi mlangoni, nawashukuru kwa kuja.

Mada ni mapendekezo ya kubadilisha Katiba ya Kenya, na mswada wenyewe mnaujua: ule wa mwaka 2025 wa kuziingiza ndani ya Katiba hazina tatu, yaani CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge, hazina ya wawakilishi wanawake wa kaunti, na hazina ya maseneta ya kusimamia kaunti. Sitaueleza toka mwanzo. Tarehe 1 Julai mwaka huo Bunge la Taifa liliupitisha. Zilihitajika kura 233, na zilizopatikana zilizidi hapo kwa mbali.

Nina jambo moja, na wengine hapa mlilisikia Likoni na Kisauni. Ukiletwa mswada wa kubadilisha Katiba, msianze kuuliza una uzuri gani. Uzuri hautakosekana, kila mswada huja umepambwa. Ulizeni kwanza: unamtoa nani kwenye shida, na haraka hii ni ya nini?

Nitawapa kisa cha Kangundo. Vijana hamkifundishwi, na bila kisa hiki hamwezi kuelewa kwa nini sisi wengine twapiga kelele.

Uchaguzi wa 1974, Paul Ngei alishinda kiti cha Kangundo. Alikuwa waziri, na tena ni mmoja wa wale sita, Mzee Kenyatta akiwemo, walioshtakiwa Kapenguria wakati wa mkoloni. Mpinzani wake akaenda mahakamani, na mahakama ikaamua kwamba sheria ya uchaguzi ilivunjwa. Ushindi ukafutwa. Sheria ya wakati ule ilikuwa wazi: ukipatikana na kosa la uchaguzi, hugombei kwa miaka mitano.

Ilipaswa iishie hapo. Lakini Ngei alikuwa rafiki wa Rais Kenyatta na alikuwa na watu wake Ukambani. Rais alikuwa na uwezo wa kusamehe waliohukumiwa, kwenye kifungu cha 27 cha Katiba ya zamani, ila msamaha huo haukufika kwenye makosa ya uchaguzi. Basi Katiba ikabadilishwa. Disemba 1975 ukaletwa bungeni mswada mfupi wa kumpa Rais uwezo wa kumsamehe pia mtu aliyezuiwa kugombea na mahakama ya uchaguzi. Jina la Ngei halimo. Mswada wa namna hii hautaji jina la mtu, utausoma na kuurudia usilione. Kusomwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, yote yakamalizwa siku moja. Rais akatia saini, akatoa msamaha, uchaguzi mdogo ukafanywa, na Ngei akarudi bungeni.

Siku moja! Sheria kuu ya nchi.

Najua kuna anayejiuliza wabunge wa kupinga walikuwa wapi. Nikumbushe mwaka ule ulikuwaje. Mwezi wa Machi J.M. Kariuki, mbunge aliyeikosoa serikali, aliuawa. Tarehe 15 Oktoba, Naibu Spika Jean-Marie Seroney na mbunge Martin Shikuku walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge kwa maneno waliyoyasema kwenye mjadala, wakawekwa kizuizini bila kesi. Miezi miwili baadaye mswada wa Kangundo unafika mezani. Nani angesimama kupinga? Mahali ambapo watu wanaogopa, kura nyingi za ndiyo hazithibitishi chochote.

Na simtaji Ngei kumsema vibaya, Mungu amrehemu. Aliteswa kwa ajili ya uhuru wa nchi hii na watu wake walimpenda. Hatari yenyewe iko hapo hapo. Aliyeokolewa alikuwa mtu mwenye sifa, kwa hiyo watu wakaona aah, acha tu, mzee wetu anarudi. Hawakuona kwamba uamuzi wa mahakama umepata dawa yake: ukishindwa kesi, badilisha Katiba.

Dawa hiyo ilikuwepo kabla ya Ngei, na iliendelea baada yake. 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka chama tawala cha KANU wakaanzisha chama chao, KPU, Katiba ikabadilishwa upesi upesi ili mbunge akihama chama apoteze kiti. Viti 29 vikarudiwa uchaguzi, KPU ikaambulia tisa. Juni 1982 Jaramogi na George Anyona walitaka kusajili chama kipya, kikaingizwa kifungu cha 2A, nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. 1988 majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao, na mabadiliko hayo hayo yakaruhusu polisi kumshikilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa siku 14 badala ya saa 24. Hebu fikirini maana yake. Mtoto wako anachukuliwa leo. Wiki hii inapita, wiki ijayo inapita, na hakuna hakimu aliyemwona uso akajua kama ana majeraha. Mstari mmoja tu ulibadilishwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana nikikisoma kifungu cha 256 cha Katiba ya 2010 naiona ile siku moja ya Disemba. Kifungu hicho kinasema mswada wa Bunge wa kubadilisha Katiba, ukishasomwa mara ya kwanza, hauruhusiwi kusomwa mara ya pili mpaka zipite siku 90. Kisha theluthi mbili ya wabunge, na theluthi mbili ya maseneta. Siku 90 hizo Spika na wabunge hawakuwekewa wao wapumzike. Kifungu kinaliagiza Bunge liutangaze mswada na kuwezesha mjadala wa umma. Ni siku zetu.

Nyosheni mikono: mwaka 2025, nani alijua siku hizo zinahesabiwa? ... Naiona mikono. Ni michache sana, na huu ni ukumbi wa watu waliokuja kwa hiari yao kusikiliza habari za Katiba.

Sasa mswada wenyewe. CDF ilianza 2003, kabla ya kaunti kuwepo. Ilifanya kazi, nani anakataa? Kuna madarasa yamejengwa, kuna zahanati. Ilipokuja Katiba mpya na ugatuzi, yaani madaraka kupelekwa kaunti, pesa za CDF zikawa zinapita mahali ambapo Katiba haikuweka njia. Mbunge kazi yake ni kutunga sheria, kugawa mapato, na kuikagua serikali inavyotumia. Akiwa na hazina yake mwenyewe, nani anamkagua yeye? Mahakama Kuu ikasema hivyo 2015. Mahakama ya Juu ikasema hivyo Agosti 2022, kwamba sheria ya CDF ya 2013 inavuruga mgawanyo wa madaraka na mgawanyo wa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Sheria iliyofuata ya 2015 nayo Mahakama Kuu ikaikataa Septemba 2024, ikaipa mwisho wake: 30 Juni 2026.

Baada ya hukumu zote hizo, jibu la wabunge likawa nini? Kubadilisha Katiba. Mtu ameshindwa kesi ya shamba, anatoka mahakamani moja kwa moja kwenda kuhamisha mawe ya mpaka, halafu anasema hukumu naiheshimu.

Namwona mama pale anatikisa kichwa. Mama, najua unalotaka kusema kuhusu basari, ule msaada wa karo unaotoka kwenye hazina hizi, nimeambiwa kila nilikokwenda: "Mwalimu, wewe wataka mwanangu akose basari?" Sitaki. Naomba tulizungumze taratibu, kwa sababu wanaoutetea mswada wanakutumia wewe.

Mzazi anayeomba basari anaamka alfajiri. Anachukua fomu, anapeleka kwa chifu igongwe muhuri, anatafuta barua ya imamu au ya pasta, anatoa nakala za kitambulisho na ripoti ya shule, kila ukurasa una bei yake. Anapanga foleni. Baada ya miezi jina linatoka kwenye orodha iliyobandikwa ukutani: shilingi elfu nne, au tano. Karo ya shule ya bweni ya kitaifa inapita elfu hamsini. Siku ya kutoa hundi kuna hema, kuna viti, kuna bango lenye picha ya mheshimiwa akitabasamu, na mzazi anaombwa aseme neno la shukrani. Anashukuru pesa zilizotoka kwenye kodi yake mwenyewe.

Tayari serikali hutuma pesa shuleni kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, kiwango kilichotangazwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Hakuna fomu, wala hema, wala picha ya mtu. Pesa zile za hazina zikifuata njia hiyo hiyo, mwanao anakosa nini? Hakosi kitu. Atakayekosa bango ni mwingine. Kwa hiyo mkija kuulizwa "mwataka basari au hamtaki", kataeni swali. Ulizeni: basari ipitie mkono wa nani, na akiila tumshtaki wapi?

Kuna wanaoniambia Katiba si Msahafu, inaweza kuguswa. Sawa kabisa, si Msahafu wala si Biblia, na sura nzima ya 16 imewekwa kueleza jinsi ya kuigusa. Someni kifungu cha 255. Ukigusa Sheria ya Haki, muhula wa Rais, uhuru wa mahakama, kazi za Bunge, au muundo na misingi ya ugatuzi, ni lazima twende kura ya maamuzi: wingi wa kura, na angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wapige kura katika nusu ya kaunti. Hazina hizi zinagusa kazi za Bunge na zinagusa ugatuzi. Mimi nasema wazi, mswada huu ni wa kura ya maamuzi, na kuupitishia bungeni peke yake ni kutukwepa sisi.

Muda umekwenda, mwenyekiti ananionyesha saa. Mapendekezo mengine niyapitie mbio. Lile la seneta mmoja mwaka 2024 la kuongeza muhula kutoka miaka mitano hadi saba lilizimwa na wananchi kwa maoni yao, kumbukeni nguvu hiyo. Njia ya wananchi kuanzisha mabadiliko kwa saini milioni moja, kifungu cha 257, si ya Rais: BBI, ule mpango wa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kubadilisha Katiba, iliangukia hapo, na Mahakama ya Juu ilikubali hivyo Machi 2022. Theluthi mbili ya jinsia, ile kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, ilitaka jioni nzima, mwenyekiti tuitengee siku yake.

La mwisho ni la kazi. Ukiletwa mswada, huu au mwingine, msingoje kikao. Andikeni. Maoni yanapelekwa kwa Karani wa Bunge au Karani wa Seneti, kwa barua au barua pepe. Kiswahili ni lugha rasmi kwa kifungu cha 7, kwa hiyo andikeni kwa Kiswahili, msiogope. Juu weka jina la mswada. Taja kifungu unachokikataa au kukikubali, kimoja kimoja, sababu yako mistari miwili mitatu, jina na sahihi. Usiandike "tunapinga mswada wote" halafu basi, watakuweka kwenye hesabu ya kelele. Weka nakala yako na tarehe uliyotuma, maana mswada ukifika mahakamani, jaji atauliza wananchi walishirikishwaje, na nakala hiyo ndiyo itakayojibu.

Fomu za mfano ziko kwa yule binti pale mezani. Wasiojua kuandika wataandikiwa hapa hapa, vijana sita wamejitolea. Maswali, tafadhali, tuanze na huyu mzee wa mbele.