Msiisingizie nusukaputi peke yake

Hili nalisema kila nikipewa nafasi hapa Chake Chake, na leo nalirudia. Mzee akitoka operesheni akaanza kupayuka, jamaa wanasema: "Nusukaputi imemharibu akili." Wengine: "Kaingiwa." Na muuguzi haitwi!

Nilimhudumia bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Usiku wa pili baada ya operesheni hamjui bintiye, anataka kushuka kitandani, anasema bamvua limefika na vigingi vyake vya mwani vinamsubiri. Jamaa wakaanza kumsomea. Kusoma ni kheri, nami niliitikia amin. Kisha nikauliza miwani yake iko wapi. Iko kabatini nyumbani, isije ikapotea. Nikamgusa tumbo: kibofu kimejaa, tangu mchana hajakojoa. Nikatazama karatasi yake: kapewa diazepamu "ili atulie". Basi haoni, mkojo umembana, mguu unamuuma, na dawa ile juu yake! Nani asingechanganyikiwa? Tukamtoa mkojo, tukatibu maumivu, diazepamu tukaisimamisha. Miwani ikaletwa na gari ya asubuhi. Binti akakaa ubavuni: "Mama, leo Jumatano, uko hospitali, umetengenezwa mguu." Siku ya nne bibi akaniuliza mwani wake nani kauanika.

Mtaniambia, basi wazee wetu wachomwe sindano ya ganzi ya mgongo tu, nusukaputi wasipewe. Nalijua swali hilo. Marekani na Kanada walifuatwa wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, matokeo yakatolewa 2021. Waliochomwa mgongo na waliopewa nusukaputi, kila upande karibu 20 katika kila 100 walichanganyikiwa. Sindano ya mgongo haikuwakinga.

Sisemi dawa hazina neno. Diazepamu na jamii yake, na pethidini, ile ya maumivu makali, humvuruga mzee. Ndiyo maana twataka kujua kila anachomeza. Na kama alishaanza kusahau njia ya msikitini, tuambieni kabla ya operesheni! Mnalificha kwa aibu, na ubongo uliokwisha kudhoofika ndio unaoyumba kwanza.

Wapo ambao kumbukumbu hukawia kurudi, wiki hata miezi. Hilo lataka siku yake.

La haraka: kabla ya operesheni msimnyime mzee maji tangu magharibi. Muulizeni mtaalamu wa dawa za usingizi mwisho wa kunywa ni lini. Kwa wengi, maji matupu huruhusiwa mpaka zibaki saa mbili kabla ya operesheni.

Mwenye mzee wa kupasuliwa wiki hii asiondoke, tuzungumze hapa mbele.