Nimerudi kuitizama ile miche tuliyopanda

Assalaam aleikum, jamani. Leo hamtoona theluji wala treni. Nipo nyumbani Unguja, mtaa wa Mwembetanga, saa saba kasorobo mchana, jua la kaskazi liko utosini na simu imeshanionya mara mbili kuwa inachemka. Nimejibanza kwenye kivuli cha ukuta, na chenyewe upana wake hauzidi kanga iliyokunjwa.

Nina deni na nyie. Wa zamani kwenye chaneli mnaikumbuka likizo yangu iliyopita: vijana kumi na mbili, fulana nyeupe, majembe, miche ishirini ya miembe na mikungu, ile inayozaa kungu, na mie mbele ya kamera nahutubia kama mheshimiwa. Mkanimwagia mioyo. Watu wa Wete na Chake mkauliza lini tunavuka kuja kwenu. Haya, jana asubuhi nimeipitia shimo moja moja. Imebaki miwili. Na mmoja wa hiyo miwili mbuzi keshaula ncha.

Tulipanda mwezi gani? Februari! Mmoja wenu aliandika, "Sheikh, si mngengoja masika?" nami nikamjibu kwa kikatuni cha kucheka. Popote ulipo, nisamehe.

Niliitoa wapi hiyo Februari? Leicester, Uingereza, ninakoishi. Uingereza miti ya mitaani hupandwa baina ya Novemba na Machi, wakati imepukutisha majani na imelala. Mizizi inapata nafasi ya kushika udongo kabla majani hayajaanza kudai maji. Mie nikaibeba kalenda ile nikaja nayo Unguja, kama mtu aliyeshuka bandarini Malindi na koti la sufu. Huku hakuna baridi ya kuulaza mti. Huku unangojea mvua: masika, Machi mpaka Mei, au vuli.

Sasa niwaambie nilichokiona kule, maana watu hudhani Ulaya mti unapandwa kwa mashine. Mbele ya nyumba ninayokaa walikuja watu wawili wa kaunsili, yaani manispaa yao. Kwanza walipiga alama za rangi chini kuonyesha mabomba na nyaya zimepita wapi. Wakachimba. Mti wenyewe ulikuwa umenizidi kimo, wakaukita baina ya vigingi viwili na kuufunga mkanda wa mpira, lakini haukukazwa. Nikauliza kwa nini umelegea. Mmoja akanijibu kuwa lazima upepo uutikise, shina lisilotikiswa halipati nguvu. Mwisho wakauvalisha mfuko wa plastiki wa kijani, una zipu kama jaketi, chini una vitundu vidogo. Unaujaza maji, yanashuka taratibu kwa saa kadhaa mpaka mizizini.

Hiyo ilikuwa nusu saa ya kazi, na hakukuwa na mgeni rasmi wala picha ya pamoja. Kilichonishughulisha ni kiangazi kilichofuata. Gari la maji likaja. Likarudi. Likarudi tena. Mti mchanga wa mjini wanauhesabia kuunywesha kiasi cha miaka mitatu, mpaka mizizi yake ijitafutie.

Na usifikiri wanafanya kwa ajili ya mapambo. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilifika nyuzi 40.3, kule Coningsby. Nyumba zao zimejengwa kuzuia joto lisitoke! Mzanzibari mzima nililala sakafuni nikitafuta ubaridi wa vigae. Siku ile nilitembea mtaa wenye miti, kisha mtaa wa pili usio na mti hata mmoja, na mtu hahitaji kipimajoto. Lami na matofali yanakunywa jua mchana kutwa na kukurudishia usiku. Jani linatoa mvuke, linapoza. Nyie mnaolala chini ya bati Ng'ambo hii mnalijua hilo kuliko mie.

Halafu sikiliza konda wa daladala anavyoita: Mwembeladu, Mwembemakumbi, Miembeni, Mikunguni, Michenzani! Ni kama anasoma majina ya marehemu. Nani kati yenu kala chenza la Michenzani? Ukitaka kujua tulichopoteza, shika barabara ya kusini mpaka Bungi, ukapite chini ya miembe ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said. Seyyid Said kafariki 1856. Kivuli cha bintiye bado kinatumika, na mpanda baiskeli akifika pale anapunguza kasi bila ya kuambiwa.

Mtu wa Pemba kaniuliza, mkipanda miti mjini mnapandia nani, watu au kunguru? Swali zuri. Kunguru hawa waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wanafukuza ndege wengine. Lakini mti haumwiti kunguru peke yake. Mwembe una komba usiku, maua yana ndege chozi asubuhi. Mkungu nao ni chakula cha kima punju kule Jozani: akishiba majani yake na ya mwembe hutafuta makaa ayale, apunguze ukali tumboni. Wamewahi kuonekana wakiiba makaa jikoni kwa watu! Na nyie wa Pemba mna popo wenu ambao hawapo pengine popote duniani. Kidike mmewaona mchana, wamening'inia kama nguo. Wanakula maembe na tini na kuzisambaza mbegu bure, hawadai posho.

Ila tusipande mikungu mitupu. Uingereza walipenda sana mti wa elm. Ukaja ugonjwa unaobebwa na vidudu vya magome ya miti, ikafa zaidi ya milioni 25.

Sasa ule mti wa pili uliobaki. Upo mlangoni kwa shangazi. Nimekuja na ile mifuko ya kijani minne kwenye sanduku, nikamfungulia kwa fahari. Akaitazama. "Hii ndiyo umeipandisha ndege?" Akanishika mkono mpaka nje.

Sogea, kamera. Tizameni. Dumu la mafuta ya kula, la lita tano, limetobolewa chini kwa msumari na tundu limezibwa na chelewa, ujiti wa ufagio. Tone... tone... tone. Shinani kapanga makumbi ya nazi, udongo usikauke. Kuzunguka, matawi ya mkunazi na miba yake, mbuzi ajaribu. Mkungu umenifika kifuani.

"Ukinipigia simu unaniuliza miguu," kaniambia. "Mti hujauuliza hata siku moja."

Kwa hiyo safari hii sipandi. Masika yakianza vijana watapanda minane, siyo ishirini, kila mmoja mbele ya mlango ambao mwenyewe keshakubali. Milango sita tumepata. Wawili wanasema majani yatawachosha kufagia, na hawakukosea, mkungu unapukutisha kweli.

Naitwa. Dumu limekauka. Mwanangu, hebu nishikie simu... hapana, usizime, nielekezee tu...